Wauza magari, tuelezeni rimu na springi kabla ya kupokea pesa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wauzaji wa magari yaliyotumika jijini Nairobi, pamoja na wanaokusudia kununua kwao, kuhusu mambo mawili ambayo mnunuzi huyatambua akiwa tayari amekabidhiwa funguo: ukubwa wa rimu na ugumu wa springi.

Mwaka jana nilinunua gari katika yadi moja kando ya Ngong Road. Nililijaribu kwenye lami laini, likaenda vizuri mno. Muuzaji alinisifia kwamba ni toleo la spoti, lina rimu za inchi 18 na limeshushwa chini tangu kiwandani, nami nikaona nimepata zaidi kwa bei ileile. Wiki hiyohiyo nilimchukua mama yangu, ambaye anaumwa mgongo, kutoka Umoja kumpeleka kliniki. Kabla hatujafika Outering Road alikuwa ameshika kishikio kilicho juu ya mlango kwa mikono yote miwili, akaniuliza, "Mwanangu, mbona kila kijiwe kinanifikia kiunoni?" Siku ile sikuwa na jibu la kumpa.

Jibu limeandikwa ubavuni mwa tairi. Toleo la kawaida la gari langu huvaa tairi za 205/55 R16, yaani upana wa milimita 205, kimo cha ubavu ambacho ni asilimia 55 ya upana huo, na rimu ya inchi 16. Ukipiga hesabu, ubavu huo una milimita 113 hivi. Langu lilikuja na 225/40 R18, ambayo ubavu wake ni milimita 90 tu. Gurudumu zima likipimwa kwa nje halitofautiani sana, kama milimita 5 hivi, kwa hivyo kilichoongezwa kwenye chuma kimetolewa kwenye mpira na upepo. Na ni mpira huo na upepo huo unaomeza ukingo wa shimo. Ukipungua, pigo hupita kwenye rimu, likaingia kwenye bushi, ile mipira ya viungo vya chini ya gari, na kufika kitini. Zaidi ya hayo, rimu kubwa aghalabu ni nzito, na gurudumu zito likirushwa na shimo huwa kazi ngumu kwa shokabzoba kulituliza.

Springi za spoti ni suala jingine, ingawa watu huyachanganya mawili haya. Springi hizo ni fupi na ngumu, na shokabzoba zake hukaza zaidi, ili gari lisilale kwenye kona wala kuinamisha pua linapofungwa breki. Sikatai kwamba kwenye Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, gari langu hutulia barabarani na kunipa imani kubwa. Waliolitengeneza walijua wanachofanya, ila hawakuwa wakifikiria njia za mitaa yetu, ambako kutoka getini hadi barabara kuu unavuka matuta, mengine hayana rangi wala ishara, na kati ya tuta na tuta kuna mashimo.

Nilihangaika kutafuta dawa. Fundi wa kwanza alinishauri nipunguze upepo, nikamtii, na siku chache baadaye nikaingia shimoni karibu na Donholm. Jioni nilipoinama kutazama, ubavu wa tairi ulikuwa umetoa uvimbe mkubwa kama yai, kwa kuwa nyuzi za ndani zilikuwa zimekatika. Tairi yenye ubavu mfupi ikikosa upepo wa kutosha, hubanwa katikati ya rimu na ukingo wa shimo, na wala haifai kuendeshwa tena ikishavimba hivyo. Fundi wa pili alitaka kunifungia speisa, yaani vipande vinavyowekwa kwenye springi ili kuongeza kimo. Ni kweli kwamba speisa huinua gari na zinaweza kuliokoa tumbo lake kwenye matuta, lakini springi inabaki na ugumu wake; mama angerushwa vilevile, ila akiwa ameketi juu zaidi.

Wa tatu, kule Kirinyaga Road, ndiye aliyefungua mlango wa dereva akanionyesha kibandiko cha viwango vya upepo, ambacho kilikuwa na saizi zote mbili, ya inchi 16 na ya inchi 18. Alihakikisha kwanza kwamba rimu ndogo haitagusa breki, kisha akanifungia za inchi 16 pamoja na tairi zenye uwezo wa kubeba uzito unaotakiwa. Nikiwa bado Landhies Road nilisikia tofauti: nyufa za lami zilizokuwa zikigonga kama nyundo sasa zilikuja kwa sauti ya mbali. Springi bado ni ngumu, na gari bado hukwaruza matuta makubwa kwa sababu kimo chake hakijabadilika, lakini mama huketi ameegemea kiti, na kishikio cha mlangoni amekiacha.

Ndugu mnunuzi, kabla ya kulipa omba kulipitisha gari kwenye barabara mbovu unayoipita kila siku, na ukiweza umweke mzee wako kiti cha nyuma, maana yeye atahisi usiyoyahisi ukiwa umeshika usukani. Nao wenye yadi, ile karatasi mnayobandika kwenye kioo cha mbele ikiwa na mwaka wa gari na ukubwa wa injini, bado ina nafasi ya mistari miwili: saizi ya tairi, na kama springi ni za kawaida au za spoti.

Msomaji wako,
Umoja, Nairobi