Komiki za kutisha hazikuuawa na daktari peke yake

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Jumamosi iliyopita mlitoa ile makala ndefu ya kamusi elezo kuhusu historia ya komiki za kutisha za Marekani, na kwanza niwapongeze maana si kawaida ukurasa wa burudani kugusa katuni za nje, tumezoea ndoa za wasanii na nani kamblock nani. Nimeisoma yote, tarehe zake ziko sawa na majina yako sawa, lakini stori yenyewe imekaa upande aisee, na mimi komiki za zamani ndio ulevi wangu kwa hiyo nimeshindwa kunyamaza.

Mwanzo wameuandika vizuri. Watu wengi wanadhani EC, kampuni ya kuchapisha komiki, ndiyo iliyoanzisha hizi mambo, kumbe Eerie Comics ilishatoka 1947 na Adventures into the Unknown ikafuata 1948, EC wenyewe wameingia 1950. Nilitamani tu wangesema EC ilikuwa nini kabla ya hapo, kwa sababu mzee Max Gaines alikuwa anachapisha stori za Biblia kwa michoro, akafa kwenye ajali ya boti 1947, mwanae William akarithi kampuni, na ndani ya miaka mitatu huyo kijana na mwenzake Al Feldstein wakawa wanauza maiti zinazofukuka makaburini kwenda kulipa kisasi. Kutoka Musa na Farao mpaka komiki yao ya Tales from the Crypt! Hiyo peke yake ilistahili aya nzima.

Sasa tatizo langu. Makala inasema daktari wa akili Fredric Wertham aliandika kitabu 1954 akidai komiki zinaharibu watoto, wazazi wakataharuki, Seneti ikakaa, komiki zikafa. Basi. Yaani daktari mmoja chizi kaua biashara nzima. Hawasemi kwamba huyohuyo Wertham alifungua kliniki Harlem mwaka 1946, chini ya jengo la kanisa, akitibu watu weusi kwa bei ya chee wakati hospitali nyingi hazikuwa na habari nao, na kwamba utafiti wake kuhusu madhara ya kuwatenga watoto weusi mashuleni ulitumika kwenye kesi zilizozaa hukumu ya Brown ya Mahakama Kuu ya Marekani ya 1954 iliyokataza ubaguzi huo. Sisemi alikuwa malaika. Mwaka 2012 mtafiti Carol Tilley aliyepitia makabrasha yake alionyesha kwamba maneno ya watoto Wertham aliyahariri ili yakae anavyotaka yeye, na hilo ni kosa kubwa kwa mtu anayejiita mwanasayansi. Lakini mtu wa namna hiyo humwandiki kwa sentensi mbili ukapita.

Kikao cha Seneti wamekigusa juujuu, wakati pale ndio utamu wote ulipo. Ilikuwa Aprili 1954, New York, William Gaines wa EC kajipeleka mwenyewe kujitetea. Seneta Estes Kefauver akatoa kava la komiki ya EC, Crime SuspenStories namba 22, mwanamume kashika shoka lenye damu, mkono mwingine kashika kichwa cha mwanamke kwa nywele, mwili uko sakafuni. Akamuuliza, hii unaona ina staha? Gaines akasema ndio, kwa kava la komiki ya kutisha ina staha, ingekosa staha kama kichwa kingeinuliwa juu kidogo damu ionekane inachuruzika shingoni. Kefauver akamwambia mbona mdomoni damu ipo, jamaa akajibu kidogo. Hebu fikiria kesho yake magazeti yameandika nini.

Ila hata baada ya aibu ile Seneti haikupiga marufuku komiki, na hapa ndipo makala ilipoteleza kabisa. Waliomaliza komiki za kutisha ni wachapishaji wenyewe. Gaines ndiye aliyewaita wenzake wakae wapigane na kelele za wazazi, wakaja, wakaunda chama, halafu kitu cha kwanza wanachokitaka wenzake ni kufuta neno horror na terror kwenye majina ya komiki. Sasa komiki zenye hayo majina nani alikuwa anaziuza na kuwapiga bao wenzake? Gaines. Kanuni yao ikapita Oktoba 1954, ikakataza maiti zinazotembea, vampaya, watu wanaogeuka mbwa mwitu, walaji watu, karibu menyu yote ya EC. Haikuwa sheria ya nchi, ilikuwa kimhuri kidogo cha chama pembeni ya kava, lakini wasambazaji na wenye maduka wakawa hawapokei komiki isiyo na mhuri, na usiposambazwa umekufa. Na Dell, wachapishaji waliokuwa wanauza kuliko wote, walikataa kuingia kwenye huo mpango, wakasema jina letu linatosha, na hakuna aliyewagusa. Makala haina hata neno moja la Dell! Mtu anayeeleza huu mkasa bila kusema nani alibaki na soko ameeleza nusu.

Mfano wa jinsi mhuri ulivyofanya kazi upo, na wala si wa komiki ya kutisha. EC walikuwa na stori yao ya 1953 inaitwa Judgment Day, mkaguzi kutoka duniani kaenda sayari ya maroboti kuona kama wanastahili kuingizwa kwenye jamhuri ya nyota, akakuta maroboti ya rangi ya chungwa yanayabagua ya bluu, mabasi tofauti, kazi tofauti, wakati ndani waya ni zilezile, akawaambia bado hamjawa tayari. Picha ya mwisho kavua helmeti ndani ya chombo chake, ni mtu mweusi, jasho linameremeta usoni kama nyota. Walipotaka kuirudia 1956 jaji Charles Murphy, msimamizi wa kanuni, akasema huyu asiwe mweusi. Feldstein akamwambia stori nzima ndio hiyo. Baada ya kelele Murphy akashuka, akataka basi angalau jasho lifutwe. Gaines akagoma, ikatoka na jasho lake, na hiyo ndiyo komiki ya mwisho EC kuchapisha, wakabaki na Mad, komiki yao ya vichekesho ambayo walishaifanya jarida, ikawa nje ya kanuni.

Uingereza wameipa mstari mmoja, sheria ya 1955 ya kuzuia komiki za kutisha kwa watoto. Wangeeleza basi vurugu za Glasgow Septemba 1954, watoto mamia kwa mamia wameingia makaburini Gorbals na visu na fimbo wanatafuta vampaya mwenye meno ya chuma eti kala wavulana wawili. Hakuna mtoto aliyepotea, na komiki yenye vampaya wa hivyo haikupatikana, lakini lawama zikaenda kwa komiki za Marekani. Sisi Popobawa wa 1995 aliwalaza nje watu wazima Pemba na Unguja, na wala hakutoka kwenye katuni yoyote.

Baada ya hapo makala inakimbia. Kanuni ililegezwa 1971, vampaya wakaruhusiwa kwa hoja kwamba wana asili kwenye fasihi kama Dracula, ila mazombi wakanyimwa kwa kuwa hawana fasihi nyuma yao, mpaka Marvel wakawa wanawaita "zuvembie" ili wapite mlangoni. Nilicheka sana niliposoma hilo mara ya kwanza, na kamusi elezo imeliacha.

Kama mtatoa sehemu ya pili naomba Japan ipate nafasi. Kule hakukuwa na mhuri kama ule, na walikuwepo kina Shigeru Mizuki, aliyerudi vitani bila mkono wa kushoto akachora mizimu kwa mkono uliobaki, na Junji Ito aliyeanza na komiki ya Tomie 1987. Halafu ile picha ya zombi mliyoiweka juu ya maneno "miaka ya 1950" inatoka The Walking Dead iliyoanza 2003, mwambieni anayepanga kurasa aiondoe.

Msomaji wenu,
Temeke, Dar es Salaam