Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka 2025
Chama cha wajenzi wa vigari vya plastiki (modeli), Lubumbashi

Ndugu wanachama, baba zangu na mama zangu, pamoja na ninyi vijana mnaorudi nyumbani kila Jumamosi na vidole vimegandana kwa gundi, jambo yenu.

Naanza na makuta kwa sababu habari yake ni fupi. Hadi Juni michango iliingia kwa kusukumana. Mama Mweka Hazina alipoanza kupita nyumba kwa nyumba, ikaingia vizuri. Hatuna deni. Tulinunua kompresa ya kunyunyizia rangi, kuukuu, ya gereji, na haijatuangusha ila umeme unapokatika. Daftari liko kwake, na anayetaka kulikagua hakatazwi.

Masanduku 9 yalifunguliwa mwaka huu na 4 yamekamilika. (Wageni wasishangae neno hilo: sanduku ni modeli moja na vipande vyake vyote, ile Waingereza wanayoiita “kit”. Tulipokuwa tukisema “kiti”, kila mgeni alitafuta pa kukaa.) Kuhusu hayo 5 yaliyobaki tutaongea, msijifiche.

Mwezi wa saba tulipata habari kwamba Mzee Shunsaku Tamiya, aliyeongoza kampuni ya Tamiya ya Japani inayotengeneza modeli tunazojenga, alifariki tarehe 18 Julai, akiwa na miaka 90. Hakuna kati yetu aliyewahi kumwona. Hata hivyo Jumamosi iliyofuata watu walikuja bila kuitwa, tukakaa kimya kidogo kama kwenye kilio. Kijana mmoja akauliza: tunamlilia nini tajiri wa Japani aliyetuuzia plastiki kwa bei kali? Swali lilikuwa la haki, na siku ile sikuwa na jibu. Namjibu leo.

Kampuni yenyewe iliundwa na baba yake, Mzee Yoshio, mwaka 1946 katika mji wa Shizuoka, kama kiwanda cha kupasua mbao. Kutoka kwenye mbao wakaingia kwenye modeli za mbao, na wateja walipokimbilia plastiki ikabidi wawafuate. Modeli yao ya kwanza ya plastiki, manowari Yamato, ilitoka mwaka 1960 na haikwenda, maana mshindani alikuwa na Yamato yake ya bei ya chini. Baadaye wakatengeneza kifaru cha vita, Panther, kinachotembea chenyewe. Walipima kwanza betri na mota viingie tumboni, na kipimo cha 1/35, yaani modeli ndogo mara 35 kuliko kitu chenyewe, kikatokana na hapo. Leo dunia nzima inajenga vifaru kwa kipimo kilichoamuliwa na betri!

Lakini mimi kinachonishika ni ile Porsche. Katika miaka ya 1970 walitaka kutoa Porsche 934 kwa 1/12. Mzee Shunsaku akanunua 911 ya kweli, wakaifungua yote ili waipime. Modeli ilitoka mwaka 1976, na mwaka huohuo ikawa gari lao la kwanza la kuongozwa kwa redio. Huku kwetu fundi anafungua gari kwa sababu limekufa. Yeye alifungua zima.

Sisi tuliokulia Katuba na Kenya, mitaa ya hapa Lubumbashi, tulianza na magari ya waya: makopo ya maziwa, magurudumu ya kandambili zilizokatika, na usukani wa mti mrefu ili ukimbie nalo barabarani. Hatukupewa karatasi ya maelekezo. Ulitazama la mwenzako, ukiharibu unakunja upya. Waya unasamehe. Plastiki haisamehe, ila ile yenye nyota mbili za Tamiya, nyekundu na ya buluu, inakuambia ukweli: kipande kisipokaa, karibu kila mara aliyekosea ni wewe. Nimejenga pia masanduku ya makampuni mengine ambapo kipande kikikataa hujui ulaumu nani, mkono wako au kiwanda.

Halafu ile karatasi ya maelekezo. Kila kichala, yaani fremu ya plastiki inayoshika vipande, kina herufi yake na kila kipande namba yake, na michoro inaongea kabla ya maneno. Mzee wetu wa Katuba, mstaafu wa mgodi, hasomi Kijapani wala Kiingereza. Alijenga Volkswagen ya mwaka 1966 kwa siku nane na hakuuliza mtu, mimi nikiwa nimekaa pembeni nikisubiri aulize. Basi, kijana wangu, jibu ndilo hilo: aliyechora karatasi ile alimfikiria mtu asiyejua lugha yake.

Sisemi kila kitu kilikuwa chepesi. Rangi za kopo za kunyunyizia hazipandi ndege, kwa hiyo tunabaki na rangi za gereji, ambazo ni kali na zinakula plastiki. Msipake bila rangi ya chini, na ipigwe nyembamba nyembamba, ikauke kati. Wakati wa mvua rangi inapauka kama imepakwa unga, kwa ajili ya unyevu. Kiangazi kikikolea ni vumbi jekundu. Kwa uzoefu wetu wakati mzuri wa kupaka ni kati ya mwisho wa Aprili na Juni, asubuhi, sakafu ikiwa imemwagiwa maji.

Vichala vitupu msivitupe. Vikatekate vidogo, vitie kwenye gundi nyembamba ya kifuniko cha kijani. Gundi ile haibandiki, inayeyusha plastiki, na kesho yake utakuta kitu kama bukari (ugali) iliyoloa. Hiyo ndiyo mastiki yetu, ya kuzibia nyufa.

Sasa yale 5. Land Cruiser 80 ya Baba Katibu ilikaa mpakani siku kumi kwa sababu karatasi yake iliandikwa “Toyota Land Cruiser, 1”, na ofisa alitaka kuliona gari. Alionyeshwa sanduku. Gari la mita 4.8 likiwa kwa 1/24 ni sentimita 20, na alicheka mpaka akalisamehe. Lakini Baba Katibu, baada ya mateso yote hayo, boneti bado iko kwenye kichala! Napendekeza asiyemaliza sanduku lake asiagiziwe lingine kupitia chama. Litapigiwa kura leo. Litanipiga mimi wa kwanza, maana Mini Cooper yangu haina magurudumu.

Magari 4 yaliyokamilika tumeyapiga picha juu ya boneti ya Toyota ya Mama Mweka Hazina, terili, kile kilima cha mabaki ya madini, ikionekana nyuma. Tutaituma Shizuoka pamoja na barua fupi ya Kiswahili. Anayejua kuandika anwani ya Kijapani anione baada ya mkutano. Na aliyeondoka na ufunguo wa kabati la rangi Jumamosi iliyopita aurudishe, hatutauliza kitu.

Aksanti.
Mwenyekiti