Hilo linaloitwa pori tupu

Ndugu Mhariri,

Mwezi uliopita alipita kijijini kwetu, wilayani Nachingwea, kijana mwenye kishikwambi akiandika kipato cha kila kaya. Akamuuliza mama analima nini. Korosho, ufuta, mbaazi kidogo. Akaandika, akashukuru, akaenda zake. Jikoni sufuria ya ming'oko, viazi vya porini vya kuchimba, ilikuwa inatokota, ya kupelekwa kuuzwa stendi jioni ile. Kijana hakuiulizia. Mama naye hakuitaja, maana kwake hivyo ni vitu vya porini tu.

Hela ya korosho tunaijua. Inaingia minada ikianza Oktoba, na ikifika Februari imeshakwisha kwa ada na madeni ya dukani. Baada ya hapo pori ndilo linalotushika mkono: uyoga wakati wa mvua, ming'oko kiangazi, asali, ukwaju, mizizi ya dawa. Kuni hatujawahi kununua. Tulipojenga jiko jipya, fito, kamba za magome ya miyombo na nyasi za kuezekea vyote vilitoka huko. Dukani tulifuata misumari nusu kilo.

Sasa kwenye mkutano wa kijiji limetajwa eneo la kugawa mashamba mapya ya ufuta, likaitwa "pori tupu". Bibi mmoja akauliza ming'oko wataifuata wapi. Akajibiwa apande muhogo, watu wakacheka. Nami nilicheka, nakiri. Lakini ming'oko kwetu haipandwi. Pori likifyekwa, nayo basi.

Sisemi pori lisiguswe. Hata mimi nimewahi kuchoma mkaa. Ila Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi na kubaki na mapato yake, na wenzetu wa Kilwa, wa kijiji cha Kikole wakiwamo, wameshauza mpingo kutoka msitu wao. Mpingo una bahati, una bei ya kuandikwa kwenye karatasi. Bakuli la ming'oko halina, ndiyo maana halionekani.

Naomba wanaotuandikia kipato waongeze swali moja la pori, na walielekeze kwa wanawake. Na halmashauri ya kijiji, kabla ya kupima hayo mashamba, iingie humo pamoja na wachimbaji wa ming'oko, siku nzima, waonyeshwe panapochimbwa. Mkutano uliahirishwa, uamuzi bado.

Mkulima,
Nachingwea, Lindi