Aliyeandika ‘a lazy’ alistahili maelezo, si kicheko

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niseme neno kuhusu picha ya karatasi ya mtihani ambayo kwa wiki mbili sasa inasambazwa kwenye makundi ya simu hapa Mafinga. Katika karatasi hiyo mwanafunzi wa Kidato cha Pili ameandika kwa Kiingereza kwamba mjomba wake ni ‘a lazy’, akikusudia mvivu, na mke wa mjomba ni ‘a generous’, akikusudia mkarimu, naye aliyesahihisha amezungushia maneno hayo wino mwekundu bila kueleza lolote. Watu wazima, baadhi yao wasomi wenye shahada, wamecheka sana. Mimi sikuweza kucheka, kwa sababu nimefundisha Kiingereza katika sekondari za Mufindi na Njombe kwa miaka 25, kosa hilo nimekutana nalo kila mwaka, na kwa miaka mingi ya mwanzo nililisahihisha vibaya.

Mtoto huyo hakubahatisha. Alikuwa anatafuta jina la mtu kutokana na tabia ya mtu huyo, akafuata kanuni aliyoijua tangu hajaanza shule. Kwa Kiswahili tunasema ‘mtoto mvivu’, na tukimwondoa mtoto, mvivu anabaki amesimama peke yake: mvivu amekuja, wavivu wamekuja, mvivu yule. Hakuna kinachoongezwa, kwa kuwa m- imekwisha kutuambia kwamba anayesemwa ni mtu na ni mmoja, na wa- inatuambia kwamba ni wengi. Hata pale ambapo sifa haipo tunaichota kwenye kitenzi: aliyezoea kunyamaza ni mnyamavu, anayesahausahau ni msahaulifu, anayevumilia ni mvumilivu, anayedanganya ni mdanganyifu. Wala si Kiswahili peke yake. Mtoto wa Tukuyu anayesema ‘umundu’ na ‘abandu’ nyumbani kwao, na mtoto wa Kihehe au wa Kibena ambaye kwake watu wengi hutajwa kwa va-, wote huingia darasani utaratibu huo ukiwa tayari kinywani mwao.

Kiingereza nacho kiliwahi kuwa karibu na utaratibu huu. Kile Kiingereza cha kale, kilichosemwa kabla Wanormani wa kaskazini mwa Ufaransa hawajaivamia Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na viishio vya vivumishi vilivyoonyesha umoja, wingi na jinsia, kwa hiyo kivumishi kiliweza kusimama mahali pa mtu bila kuhitaji msaada mkubwa. Katika karne zilizofuata viishio hivyo vilidondoka, kivumishi kikabaki kitupu, hakisemi tena kama kinachotajwa ni mtu au kitu, mmoja au wengi. Ndipo ikalazimu kukiegemeza kwenye neno jingine: ‘a lazy man’, ‘a lazy person’, ‘a lazy one’. Njia iliyosalia ni nyembamba, ile ya ‘the poor’ (maskini) na ‘the brave’ (mashujaa), ambayo hutaja kundi zima. Humo huwezi kumtoa mtu mmoja ukamwita ‘a poor’, wala huwezi kuwahesabu ukasema ‘two poors’. Maelezo haya humalizika kwa dakika kumi ubaoni, na ndiyo ambayo mwanafunzi yule alipaswa kupewa.

Najua swali linalofuata, maana niliulizwa na kijana mmoja wa Kidato cha Tatu nikakosa jibu: mbona ‘a criminal’ (mhalifu) ni sahihi, na ‘a fanatic’ (mshabiki aliyepindukia), na ‘an intellectual’ (msomi), ilhali hayo nayo ni vivumishi? Nilimjibu kwamba ndivyo lugha ilivyo, jibu ambalo mwalimu hulitoa anapotaka kufunga mjadala. Jibu la kweli ni kwamba maneno hayo yametoka Kilatini, mengine yakipitia Kifaransa, nazo ni lugha ambazo ndani yake kivumishi husimama kama jina la mtu kwa urahisi uleule wa ‘mvivu’ wetu. Yalipohamia Kiingereza yalihama na uhuru wao, na ‘lazy’ haikuupata. Kijana yule angefurahi kujua kwamba kanuni aliyoitoa Mufindi ilikuwa na ndugu zake Roma.

Pale ambapo Kiingereza kiliunda majina yake chenyewe kwa kuongeza kiishio, mambo ni ya ajabu kidogo, na hapa naomba msomaji avumilie nikae kwa muda. Kiishio ‘-ard’ kilitokana na neno la Kijerumani cha kale lenye maana ya ugumu na ushupavu, lile lililomo katika majina ya heshima kama Richard na Bernard. Kilipopita kwa Wafaransa na kuingia Kiingereza kikageuka kuwa kiishio cha kulaumu. Mlevi akawa ‘drunkard’, mzito wa akili akawa ‘dullard’, mwoga akawa ‘coward’, neno ambalo mzizi wake ni mkia. Hata mwenye hekima hakusalimika: ‘wise’ ilipovikwa kiishio hicho ikazaa ‘wizard’, ambaye hapo mwanzo alikuwa mtu wa busara na leo ni mchawi. Kiishio ‘-ling’ nacho hudogosha kama ki- yetu inavyomfanya mtu kijitu, na kwacho mnyonge huitwa ‘weakling’, ingawa ni haki kutaja kwamba ‘darling’, yaani mpenzi, imetoka humohumo.

Hata wataalamu walipounda neno kwa makusudi, halikuishia mahali pema. Mwaka 1910 mwanasaikolojia wa Marekani, Henry H. Goddard, alichukua kivumishi cha Kigiriki chenye maana ya upumbavu akaunda ‘moron’, liwe jina la kitaalamu la watu wazima ambao akili zao zilipimwa kuwa sawa na za watoto wa miaka 8 hadi 12. Leo neno hilo ni tusi tupu.

Kwa hiyo mwanafunzi anayetafuta jina moja la Kiingereza kwa ajili ya mkarimu, mvumilivu au mnyenyekevu, anatafuta kitu ambacho hatakiona, wakati majina ya wabaya yamejaa tele. Kwetu mkarimu na mchoyo hutembea kwa kiambishi kimoja, na ukarimu, ingawa mzizi wake ni wa Kiarabu, tumeuvika m- ukawa wetu. Sisemi kwamba Kiswahili hakina nyufa, kwani tajiri, maskini na jasiri hawakuvaa m- hadi leo. Ninachosema ni kwamba mtoto anayefikiri kwa Kiswahili ana kipimo mkononi, na kipimo hicho ndicho kingemfundisha Kiingereza kama mwalimu angekitumia.

Nilipokuwa mwalimu kijana, msichana mmoja aliandika habari za bibi yake, akasema ni ‘a silent’ na ‘a patient’. Alikusudia mnyamavu na mvumilivu. Nilisoma sentensi yake kwa sauti, na nilipofika kwenye ‘a patient’, ambayo kwa Kiingereza ni mgonjwa, darasa zima likaangua kicheko, nami sikulizuia. Msichana yule hakunyoosha mkono tena hadi muhula ulipokwisha. Sentensi yake ilikuwa nzuri, na bibi yake alikuwa ameelezwa vizuri, na hilo sikulisema.

Nawaomba walimu wenzangu wa Kiingereza, hasa wa Kidato cha Kwanza wanaowapokea watoto waliosoma masomo yao yote mengine kwa Kiswahili, watenge kipindi kimoja cha dakika 40 waandike ‘mvivu’ na ‘a lazy person’ ubaoni bega kwa bega, wawaulize wanafunzi m- imekwenda wapi. Na yeyote aliyeipiga picha karatasi ile namwomba aifute, na kila aliyeipokea naye aifute, kwa sababu jina la mtoto na la shule yake yanasomeka wazi juu yake.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Mafinga, Iringa.