Siku ya kwanza kwa mshauri nasaha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze wasomaji, hasa wa huku kwetu Newala na Masasi, jambo ambalo mimi nililijua kwa kuchelewa. Nilipokwenda kwa mshauri nasaha kwa mara ya kwanza, baada ya msimu wa korosho ulioninyima usingizi, nilikaa kimya karibu nusu ya muda, kisha nikasema naumwa kichwa.

Kikao cha kwanza aghalabu huchukua dakika 45 hadi 60, na sehemu kubwa yake ni maswali: tatizo lilianza lini, unalalaje, hamu ya kula ikoje, unaishi na nani. Mshauri si mpiga ramli. Hawezi kulijua usilomwambia. Kwa hiyo ni vema kuandika mapema, hata kwenye kipande cha daftari, mambo mawili matatu yanayokusumbua pamoja na dawa zote unazotumia, zikiwamo za mitishamba, ambazo wengi wetu huzificha kana kwamba tumeziiba.

Muulize pia kuhusu siri. Anapaswa kuitunza, isipokuwa pale maisha yako au ya mtu mwingine yanapokuwa hatarini, na si utovu wa adabu kumtaka alieleze hilo kabla hujaanza kusimulia. Wala hulazimiki kusema yote siku hiyo.

Kwa wanaotoa huduma hii nina ombi moja: chumba kiwe na mlango unaofungwa, kwa maana changu kilitenganishwa na foleni kwa pazia tu.

Msomaji wenu,
Newala, Mtwara