Maji, Mama: barua kwa binti yangu anayetimiza miaka 5

Mama yangu mpenzi,

Shangazi yako ndiye atakayekusomea barua hii. Nimemwomba akusomee Alhamisi asubuhi kabla hujatoka, maana ukishaungana na binamu zako huonekani mpaka jua lizame. Msalimie Bibi, mwambie shikamoo yangu. Siku hiyo unatimiza miaka 5, na mimi na mama yako hatutakuwepo. Linaniuma, lakini mama yako hawezi kupanda basi la Muheza na tumbo lile, nami siwezi kumwacha peke yake.

Umeshakunywa maji? Kama bado, Shangazi aweke barua chini kwanza.

Chupa yako ni ya nusu lita. Daktari alisema tatu kwa siku, na jua likiwa kali uongeze. Chungwa halihesabiwi, hata kama huko machungwa yamejaa kila ua na Bibi atakuambia ni maji matupu. Dafu ruksa, ila liwe juu ya zile chupa tatu. Wewe mwenyewe ulimweleza jirani kwamba una ugonjwa wa damu unaoitwa seli mundu, na kwamba chembe za damu yako zikikosa maji zinajikunja, zinakwama kwenye mishipa, mfupa unauma. Nilijivunia mno. Sasa mtoto anayejua yote hayo, kwa nini anamwaga maji kwenye chungu cha maua mlangoni? Nilikuona, na si mara moja. Sikupenda.

Halafu mama yako akaniambia sababu, kwamba unaogopa binamu zako watakucheka asubuhi kwa ajili ya godoro. Nisikilize vizuri. Watoto wengi wenye seli mundu hukojoa kitandani, hata waliokuzidi umri, kwa sababu ugonjwa huu unagusa figo, na mkojo unakuwa mwingi. Si uvivu wala utundu. Asikuambie mtu tena "msichana mkubwa hivi", hata akiwa ni mimi. Shuka linafuliwa, linaanikwa, limekwisha. Nailoni ya kutandika juu ya godoro iko chini kabisa ya begi. Usiku Shangazi akuamshe uende chooni, na wewe usimnunie. Lakini maji unakunywa.

Dada, hapa nasema na wewe. Dawa zake, foliki asidi na haidroksiyurea, ni kila siku, kama mama yake alivyoandika kwenye karatasi. Penisilini asubuhi na jioni. Mtu asije akasema mtoto ametimiza mitano basi iachwe. Hilo ataamua daktari tukirudi kliniki. Kipimajoto kiko kwenye mfuko wa pembeni. Homa ikifika 38, usimpe panadoli ukasubiri kupambazuke, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Mshike tumbo chini ya mbavu za kushoto kama ulivyoonyeshwa. Bandama ikivimba au macho yakipauka, ni safari hiyo hiyo. Chandarua kila usiku, malaria kwake si homa ndogo. Mkipanda mlimani Amani, avae sweta. Mtoni asioge.

Haya, mama, turudi kwetu. Kuna jambo nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu. Ulipokuwa mchanga mikono na miguu yako ilivimba, na hata kabla majibu hayajatoka, kuna mtu wa ukoo alisema umerogwa. Mwingine akasema watoto wa namna yako hawafiki mitano. Hakuna aliyekuroga. Nusu ya ugonjwa huu imetoka kwangu na nusu kwa mama yako, sisi wazima kabisa, hatujawahi kuumwa mfupa, wala hakuna aliyewaza kupima. Na mitano ndiyo hii. Alhamisi mkate keki mchana kweupe, majirani wote waitwe.

Mdogo wako naye atapimwa mapema. Kwa damu yangu na ya mama yako, katika kila mimba uwezekano wa mtoto kuwa na seli mundu ni mmoja kati ya nne. Mama yako halali vizuri kwa ajili hiyo, ndiyo maana siku zile alikuwa mkali. Hakuwa amekukasirikia wewe. Na kwa kuwa Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma siku hizi inapandikiza uloto, yaani ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, na mara nyingi anayetoa ni ndugu, watu wameanza kusema huyu anayekuja ndiye dawa yako. Sitaki uyasikie maneno hayo wala yeye ayasikie. Anakuja kuwa mdogo wako. Mambo ya uloto yana wakati wake na madaktari wake.

Hapa Keko kazi zipo, wateja wanachelewa kulipa. Kitanda chako nimekirefusha kwa vipande vya mninga vilivyobaki kwenye meza ya mtu, na kile kidogo nimekipiga msasa upya kwa ajili ya mtoto. Ukipenda rangi nyingine, sema sasa kabla sijapaka vanishi.

Mwambie Bibi pesa ya bati nimeituma kwenye simu ya Shangazi. Fundi apewe nusu, nusu nyingine akishamaliza, na apige misumari ya bati yenye mpira, maana mwaka jana jiko lilivuja kwa sababu hiyo. Yule kuku anayeatamia msimchinje kwa ajili ya sherehe, kuna jogoo wawili wanapigana bure. Mimi nitapiga simu saa moja jioni, chaji iwepo.

Baba yako