Shangazi, utulivu ule unanitisha

Assalaam aleikum Shangazi,

Juzi kwenye simu ulinipa habari za mwanao kwa furaha. Miezi mitatu alikuwa hali, halali, haendi stejini, pikipiki imesimama uani tangu mkopo ulipomzidi. Sasa, ukasema, ametulia. Amemlipa jirani kadeni kake, amempa mdogo wake jezi zote pamoja na ile redio ambayo zamani hakutaka hata iguswe. Nikaitikia alhamdulillahi. Usiku sikupata usingizi. Asubuhi nilikupigia tena, lakini nilikuwa ndani ya teksi, watu wamebanana, nikasema nusu. Nusu iliyobaki ni hii. Naiweka hadharani bila jina lako, maana nyumba zenye jambo hili ni nyingi.

Utulivu wa namna hiyo nimewahi kuuona. Rafiki yangu hapa Jinja, baada ya miezi ya giza, alianza kugawa vitu vyake na kutuomba radhi mmoja mmoja, kama mtu anayejiandaa kwenda Hija. Tukafurahi kwamba amepona. Kumbe alikuwa anatuaga.

Mtu anayepigana na wazo la kujiua huchoka. Akishakata shauri, vita ndani yake hunyamaza, na sisi tulio nje tunaona uso umekunjuka. Si kila nafuu ina maana hiyo, Shangazi. Lakini nafuu ya ghafla, inayokuja pamoja na kugawa mali na kumaliza madeni, haifai kuachwa bila kuuliza. Na yale maneno yake, "bila mimi mngepumzika," wewe uliyaita deko. Mimi nayachukua kama yalivyo. Pombe aliyoianza mwaka huu nayo naihesabu humo humo.

Muulize waziwazi: "Mwanangu, unafikiria kujiua?" Najua utaniambia kutaja ni kuita. Sivyo. Swali hili limechunguzwa sana, na imeonekana kwamba kuuliza hakumpi mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Mara nyingi humpa pumzi, kwa kuwa hatimaye kuna mtu amethubutu kulitamka. Ukishauliza, nyamaza. Usimwanzie mawaidha ya haramu. Anajua ni haramu, ndiyo maana anaficha. Isitoshe, sheria ya Uganda kwa miaka mingi imelihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, basi mtu anaogopa Mungu, anaogopa majirani, anaogopa na polisi. Atasemea wapi, kama si kwako?

Akikubali, usimwache peke yake hata usiku mmoja, wala usimwahidi kwamba itabaki siri. Dawa ya kunyunyizia nyanya iliyo stoo ipeleke kwa jirani leo hii, pamoja na vidonge vyote vya nyumbani. Kisha mpelekeni hospitali. Za rufaa, kama hapa Jinja au Mbale, zina kitengo cha afya ya akili. Butabika pia, ile hospitali ya taifa ya afya ya akili kule Kampala, ikibidi. Tumelifanya jina hilo tusi la mitaani, na linaniuma, kwa sababu tangu 1955 watu wanatibiwa pale na kurudi kwa watoto wao.

Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka. Rafiki yangu ni mmoja wa watu wa hesabu za namna hiyo. Lakini wapo wengi zaidi waliofika ukingoni, wakashikwa mkono, na leo wanaishi, kwa kuwa ile saa mbaya huwa inapita ukiwa na mtu kando yako.

Jumamosi nakuja na teksi ya kwanza. Usinisubiri, Shangazi. Muulize leo, baada ya Isha, watoto wakishalala.